Mwangwi wa Fuwele

Mwaka hakuwahi kukanyaga maabara ya dada yake, Mishi. Siku alipofika, walikuwa hawajasemezana tangu wagombane kwenye msiba wa mama yao, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Akauliza kuhusu mtambo uliosimama katikati ya chumba.

"Ni sumaku," Mishi alisema. "Ndani yake kuna kipande cha fuwele. Chembe zake huzunguka kama pia wanazochezea watoto. Nazianzisha kwa pamoja, halafu zinasukumana na jirani zake mpaka mpangilio wote unavurugika."

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari ulioonyesha mpangilio huo ulishuka ukalala.

"Sasa naziamuru zirudi zilikotoka."

Akabonyeza kitufe. Mstari ukainuka, ukafanya kilima, ukalala tena.

Mwaka alicheka kwa mshangao. "Umerudisha wakati nyuma!"

"Kidogo tu. Kilima hicho ni mwangwi wa chembe. Nikichelewa kuziamuru, kilima kinakuwa kifupi."

"Kwani unakosea?"

"Nilidhani hivyo. Nimepunguza makosa hadi yamekaribia kwisha, na bado kinapungua. Chembe zikiwa nyingi namna hii, kosa dogo kabisa husambaa kwa zote."

Mwaka akasogeza kiti. "Na ukichelewa sana, hakirudi kabisa?"

"Sijapima mbali hivyo. Naogopa nitakachokiona."

"Pima sasa, dada. Mimi nipo."

Mishi akaongeza muda wa kungoja, akabonyeza. Wote wawili wakainamia kioo, mabega yakigusana, wakitafuta kama kuna kitu kinachoinuka katikati ya chenga zilizotikisa mstari.