Pua ya Fisi Mahakamani

Nungunungu alikuwa akimenya muhogo wa chakula cha jioni, mmoja tu kwa kuwa mkewe alikuwa amefariki, pale Fisi alipoingia shimoni bila hodi ili amle. Nungunungu alimgeuzia mgongo, akasimamisha miiba. Fisi alitoka mbio akilia.

Kesho yake Fisi ndiye aliyeshtaki. Kama fidia ya matibabu, alidai shamba la muhogo ambalo marehemu alilima kwa mikono yake. Wakili Kasuku alikubali kumtetea Nungunungu, lakini kwanza alichukua nusu ya mavuno.

"Mheshimiwa," Fisi alimwambia hakimu Ngiri, "nilikuwa napita zangu. Nilishampa mgongo, naondoka, ndipo akanichoma."

Kasuku alifungua mdomo. Ngiri akamzuia.

"Bwana Fisi, hebu geuka."

Fisi aligeuka. Makalio yake hayakuwa na hata mkwaruzo. Makovu yote yalikuwa puani.

"Humu kijijini," Ngiri alisema, "anayetembea kinyumenyume ni mimi tu, tena ninapoingia kwangu. Wewe pua yako ilitangulia, na ilikuwa inaingia kwa mwenzako."

Mahakama nzima ilicheka. Fisi aliamriwa kulipa gharama zote, pamoja na ada ya Kasuku, ambaye hakuwa amesema neno.

Tangu jioni ile Nungunungu alikuwa akilala ameziba mlango kwa jiwe. Asubuhi baada ya hukumu aliliviringisha jiwe kando, akakata vipando vya muhogo, akaanza kupanda kwenye tuta ambalo mkewe aliliacha nusu.