Kidole cha Shomari

Sheria ni kwamba kikasha cha dawa ya saratani ya damu hakifunguki mpaka mgonjwa na shahidi wake waweke vidole gumba kwa pamoja. Nilipougua, shahidi wangu alikuwa mume wangu, Shomari. Baadaye akanipa talaka, akaoa kwingine, lakini shahidi habadilishwi. Basi kila asubuhi, mvua inyeshe, jua liwake, Shomari alikuja kupiga hodi kwangu.

Miaka ya mwanzo tulinuniana. Anaweka kidole, nameza kidonge, huyo kaenda zake. Kisha nikaanza kumpa chai, maana kidonge kinataka tumbo lenye kitu, na ni aibu kula huku mtu anakutazama. Naye akaanza kuleta vitumbua.

Jana daktari aliyaangalia majibu yangu akacheka.

"Bi Somoe, damu yako imekuwa safi miaka mingi sasa. Acha dawa. Kikasha nimekifunga moja kwa moja, na shahidi wako nimeshamtumia taarifa."

Leo nikachemsha chai ya mtu mmoja.

"Hodi!"

Shomari aliingia na vitumbua vyake, akaketi mahali pake, akaweka kidole kwenye kikasha. Nami, sijui kwa nini, nikaweka changu. Kikasha hakikufunguka.

"Kidole changu kina mafuta," alisema bila kunitazama. Akakifuta kwenye shati, akakirudisha.

Simu yake ikaanza kuita mezani. Alikuwa mkewe. Hakuna aliyeondoa kidole.