Buti Namba Saba

"Kaka, hiyo miguu uliizika lini?" nilimtania mzamiaji mwenzangu, nimeziba pua. Stoo nzima ikacheka. Wiki ya pili hiyo buti zake za kuzamia zinanuka kama panya aliyefia kabatini.

Alivua moja, akaigeuza. Maji yakachuruzika, na kwenye soli nikaona namba saba, namba yangu, kwa mwandiko wangu.

Nikaangalia soli yangu. Namba nne, yake. Buti kavu, zile ninazozikuta mahali pangu kila asubuhi zimejazwa magazeti ya kuzikausha, nazivaa tu kwa kuwa zote zinafanana.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na kidonda unyayoni, mdogo wangu. Nikakuachia kavu."

Nikainama kufungua zipu ya buti, nikabaki nimeinama muda mrefu kuliko zipu inavyohitaji.