Mkono Haujakomaa

"Leo ama unanipa mkasi, ama naondoka," Dogo alisema, na safari hii hakutazama chini.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliendelea kuchonga chaki yake kana kwamba aliyesema ni redio.

"Uende wapi?" aliuliza hatimaye. "Na huko uendako, nani atakupikia?"

Kutoka chumba cha nyuma, mama alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Katika duka lile cherehani zilikuwa mbili, lakini mkasi wa kukatia ulikuwa mmoja, na ulikuwa na mwenyewe. Fundi ndiye aliyepima, Fundi ndiye aliyekata. Dogo alitia vifungo, akakunja pindo, akapiga pasi, akatumwa uzi. Wenzake alioanza nao kazi walikuwa wameshajitegemea zamani. Yeye kila akiugusa mkasi aliambiwa yaleyale: mkono wako haujakomaa.

Angeendelea kuvumilia, maana kuvumilia alikuwa amekuzoea, lakini sasa palikuwa na binti. Binti alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na alimwambia Dogo waziwazi kwamba hataki gauni lililokatwa na mtu mwingine. Dogo alikosa usingizi akilichora: mabega, kiuno, mkia wa kuburuzika kidogo tu. Siku hiyo wangeingia ukumbini wameshikana mikono, na watu wangeuliza kazi hii ya nani. Hakuna kitu alichowahi kukitaka maishani kama kujibu swali hilo.

"Gauni la harusi si la kujifunzia," Fundi alisema. "Binti huyu namjua tangu hajaota meno. Akipita mbele za watu bega moja juu, jingine chini, uso wangu nitauficha wapi?"

"Baba, umeshachoka. Waachie vijana."

"Vijana gani? Wewe, kutunga uzi tu kwenye sindano unanyoosha mkono mpaka mlangoni? Mimi umri wako nilikuwa na duka langu na watu wananiheshimu."

"Usibishane na baba yako," mama alisema kutoka nyuma. "Utampandisha presha."

"Na presha yangu je?" Dogo aliuliza.

Ndipo binti alipoingia, kitambaa cheupe begani.

"Shikamooni."

"Marahaba," Fundi aliitikia kwa niaba ya duka zima.

Binti alikitandaza kitambaa mezani, akakilainisha kwa viganja. "Tulikubaliana atakata yeye," alisema kwa upole, akimtazama Dogo.

Fundi alichukua futi yake. Alimpenda binti yule, hilo hata yeye hakuweza kulificha. Alipima, akapiga mistari ya chaki, akaipiga tena pasipo sababu. Kisha akauinua mkasi, akaupangusa kwa shati lake, akausogeza upande wa pili wa meza. Dogo aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe.

Binti alisogea karibu. Hata mama alikuja kusimama mlangoni na mwiko wake.

Dogo alifungua mkasi. Mkono ukaanza kutetemeka. Alijaribu kuutuliza kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka vilevile. Ncha za mkasi zilicheza juu ya mstari wa chaki, zikapita kulia, zikapita kushoto, zisitue.

"Si nilisema?" Fundi alisema bila ukali wowote, na hapo ndipo palipouma zaidi.

Akauchukua mkasi wake. Akakata mabega, akakata kiuno, akakata mkia, mfululizo, huku akipiga mluzi. Tusimwonee: alikata vizuri mno.

Dogo hakuondoka. Alishika ukingo wa meza, akapiga magoti taratibu, akaanza kuokota vipande sakafuni. Machozi yalimlengalenga na hakutaka baba yake ayaone. Binti aliinama pembeni yake, akamwekea mkono begani.

"Usijali, babu yangu," alimnong'oneza. "Nikizaa wa kike, gauni lake la harusi utalikata wewe."