Pete za Bima

Mwanahawa alikuwa msafisha meno, na kama wenzake wote alivalishwa pete za bima, zilizokakamaza vidole vyake kila alipokaribia kinywa kisichokatiwa bima. Hazikuvulika hata nyumbani.

Asubuhi hiyo kampuni ilikataa kuhuisha bima ya mama yake, aliyepooza mikono. Eti ana miaka themanini na fizi mbovu, kinywa chake ni hatari tupu.

Mwanahawa alichota uji, akapeleka kijiko kinywani mwa mama. Iliposalia shubiri moja, vidole vikakakamaa kama kuni. Akajaribu mkono wa kushoto. Wapi!

"Vumilia, mama. Jirani akirudi kutoka kazini atakulisha."

"Kwani nimekukosea nini, mwanangu?" mama aliuliza, kisha akaachama tena, akangoja.