Chumvi Imo, Bahari Haimo

Shamimu alichovya kidole kwenye dumu, akakilamba, akatema.

"Chumvi imo," alisema. "Bahari haimo."

Jirani yake Oktavia, aliyekuja kuomba moto akakaa mpaka chai, alicheka. "Nyie watu wa Kilwa! Chumvi si chumvi tu?"

Si chumvi tu. Maji ya bahari yana uchungu unaobaki kooni. Haya yalikuwa kama mchuzi uliozidishwa chumvi ya dukani. Na pale sebuleni, ndani ya tangi la kioo, ua la bahari lilikuwa linakufa.

Watu wa huku Makambako waliliita ua, lakini ni mnyama: hushika jiwe, hutandaza vidole laini, hula samaki. Mumewe Abdulaziz, dereva wa malori ya shirika la umma, alimletea kutoka Dar mwaka waliooana, Shamimu alipokuwa akilia kwamba baridi ya huku itamuua na bahari hataiona tena.

"Basi, bahari hiyo hapo," alimwambia. "Na maji yake ni juu yangu, kila safari."

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Lilikuwa la zambarau.

Sasa lilikuwa limepauka, jeupe kama sembe, limejikunja kama ngumi. Shamimu alilisogeza dirishani lipate jua. Baridi ikizidi, alilizungushia tangi blanketi. Alililisha vipande vya samaki vidogo kama punje za mchele. Na kila Abdulaziz aliporudi na madumu, alibadilisha maji. Likazidi kupauka.

Abdulaziz naye hakuwa yule yule. Nazi hakuleta tena, wala ngisi mkavu. Shamimu alikuwa akifunga utepe wa kanga kwenye mkono wa kila dumu, yasije yakachanganywa na ya dizeli. Yalirudi madumu mengine, hayana utepe.

"Yale wameiba njiani," alijibu, akageukia ukutani.

Oktavia alisogeza kigoda. "Mwenzangu, niite mmbeya, sawa. Mashirika si yanauzwa? Madereva si wanapunguzwa? Halafu mume wangu Alois kamwona mumeo kijijini Yakobi, kule Njombe, Jumanne. Wewe Jumanne ulituambia yuko wapi?"

"Dar."

"Haya."

Gideoni, dereva wa lori la Mwarabu mmoja, alipopita kusalimia, Shamimu alimpa madumu mawili. "Shemeji, nichotee maji ya bahari. Usimwambie mtu."

"Lakini shemeji, si mumeo..." Akamtazama, akaishia hapo. "Nitaleta."

Akaleta. Yalikuwa machungu hasa. Shamimu akayaongeza kidogo kidogo, ua lisishtuke. Mwanzoni halikutikisika. Kisha kidole kimoja kikachungulia, na kingine. Siku zilivyokwenda, rangi hafifu ikaanza kupanda kwenye shina.

Shamimu alipiga vigelegele peke yake, halafu akaketi sakafuni akalia. Kumbe Abdulaziz hafiki baharini. Amepunguzwa kazi, anaona haya, anakoroga chumvi kwenye maji ya bomba ili mkewe asijue. Huko Yakobi analala wapi? Analima viazi vya nani?

"Mwanaume akinyang'anywa usukani anajiona kavuliwa suruali," alisema Oktavia. "Mfuate. Ila usimfokee, dada. Mchukulie taratibu."

Asubuhi Shamimu alipika vitumbua, akavifunga kwenye kitambaa, akapanda basi la Njombe. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. *Baba, turudi nyumbani. Kazi si mzazi, ikifa haizikwi. Nitauza vitumbua mpaka upate lori jingine. Na yale maji ya chumvi nimeshakusamehe.* Akayarudia mpaka yakalainika, yasiwe na mwiba hata mmoja.

Kufika Yakobi, hakusumbuka. Alilitaja jina la mumewe tu, mama mmoja akainua jembe kuelekeza. Nyumba ya matofali, bati jipya, mlango wa bluu. Shamimu akapangusa vumbi usoni, akashika vizuri kifurushi chake, akabisha hodi.

Harufu ya wali wa nazi ilitangulia kutoka.

"Kamwene, dada, karibu ndani," alisalimia mwanamke aliyefungua, mwiko mkononi. "Kama unamtaka mwenye nyumba, yuko Dar na gari. Anarudi kesho."

Nyuma yake, juu ya meza, ndani ya tangi la kioo, ua la bahari la zambarau lilikuwa limetandaza vidole vyake vyote. Chini ya meza yalipangwa madumu, na kwenye mkono wa kila dumu, utepe wa kanga ya Shamimu.