Mlinzi Aliyelala

"Nilipitiwa na usingizi," mlinzi wa mnara wa moto alisema mbele ya watu wote, na mwenye mashine ya kusaga akabetua midomo.

Mwenye mashine alikuwa mkwewe. Tangu binti yake aolewe na mtu huyu, hakuona alichovuna ila aibu. Mwanamume mzima anakaa mchana kutwa juu ya mnara wa mbao akitazama kama kuna moshi. Hata kunguru anaiweza kazi hiyo, na kunguru haombi mshahara. Nyumba ya kupanga, viti viwili, hana mbele wala nyuma. Na binti kila akiambiwa arudi kwao, jibu lake ni moja: "Mume wangu ana kazi, baba."

Sasa kazi yenyewe ndiyo hiyo. Moto wa jana ulikuwa umekula kilima kizima, mizinga ya nyuki, mahindi yaliyongoja kuvunwa, na nyumba za watu waliosimama pale wakiwa na nguo za mwilini tu. Kwamba uliwashwa na mtu, hakuna aliyebisha. Ulianzia kwenye majani makavu nyuma ya mnara. Mlinzi angegeuza shingo tu, angemwona mwashaji.

"Na mikono hiyo?" afisa wa misitu aliuliza. Ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni.

"Niliungua nikikimbia."

"Kumbe mwenzetu anakimbia kwa mikono," mwenye mashine alisema. Watu walicheka, pamoja na uchungu wao.

Afisa akamgeukia. "Wewe mzee umepoteza nini?"

"Namshukuru Mungu, sikupoteza kitu. Ng'ombe niliwavusha mto juzi. Mwenye akili hutazama mbele."

Afisa alimuuliza mlinzi kwa mara ya mwisho kama hakumwona mtu. Mlinzi aliinamisha kichwa.

"Sikumwona."

"Basi kazi huna. Na kituoni utakwenda."

Mwenye mashine hakumwonea huruma hata chembe. Moto mdogo tu ungetosha kumuumbua bwege yule. Huu ulipita kiasi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Alikwenda moja kwa moja kwa binti yake, akamkuta anafunga mzigo. Moyo wake ukafurahi.

"Umefanya vyema, mwanangu. Chumba chako kipo vilevile. Mume gani huyo, hata ukimpigia ngoma kisogoni hageuki."

Binti alikaza fundo bila kuinua macho.

"Hizi ni nguo zake za kituoni. Alikuona, baba, tangu unainama na kiberiti. Hakupiga king'ora kwa sababu alishuka mbio auzime mwenyewe, kabla watu hawajajua ni wewe."